Povu la Haraka

Mtumishi wa serikali anayehamishwa kutoka Dodoma kwenda Bukoba huelezwa mengi kabla hajafunga mizigo: mvua zisizokoma, ndizi mchana na usiku, urefu wa safari ya basi. Habari za sabuni hakuna anayempa. Huzigundua mwenyewe siku ya kwanza ya kuoga, tuseme kwa wenyeji wake Maruku, kwenye uwanda wa juu ulio kusini mwa mji. Anajisugua kwa bidii ya mtu aliyezoea maji ya visima vya Makutupora, Dodoma, povu linamfunika mpaka masikioni, kisha anajimwagia kata baada ya kata na ngozi inaendelea kuteleza. Ndoo inakwisha, naye bado ana shaka kama amesuuzika.

Amesuuzika kitambo. Anachokikosa ni ule utando wa sabuni iliyoganda ambao maji ya Dodoma humwachia mwilini, na ambao kwa miaka yote ameuhesabu kuwa ndiyo hali ya ngozi safi.

Tofauti imeletwa na madini mawili, kalsiamu na magnesiamu, ambayo maji huyayeyusha yanapopita kwenye mawe na udongo. Sabuni ikikutana nayo hugeuka uchafu mweupe usioyeyuka, na povu halitoki mpaka madini yote yawe yamepata sabuni yake. Wataalamu hupima ugumu wa maji kwa miligramu za chokaa katika lita moja: yasiyofika 60 huitwa laini, yanayozidi 180 ni magumu sana. Maji ya visima vya Dodoma huhesabiwa kwa mamia. Ya Ziwa Viktoria, ambayo ndiyo yanayotoka kwenye mabomba ya mji wa Bukoba, hayafiki 60. Ya mvua iliyoteremka kwenye bati yanakaribia sifuri.

Mama anayefua hahitaji maabara kulijua hilo, na kwa kweli maabara ilijifunza kwa wafuaji. Katika miaka ya 1840 Thomas Clark, profesa wa kemia wa Aberdeen huko Scotland, alipima maji kwa kutia sabuni iliyoyeyushwa ndani ya chupa, kidogo kidogo, akiitikisa mpaka povu lisimame bila kushuka. Sabuni nyingi, maji magumu. Sabuni kidogo, maji laini. Kipimo hicho kilitumika kwa vizazi kadhaa, na ni kile kile anachokifanya mtu yeyote wa Unguja au Tanga anaposugua mche wa sabuni kwenye nguo, akaona maji yanakuwa kama maziwa yaliyokatika badala ya kutoa povu, akanung'unika na kusugua tena.

Unguja ina sababu yake. Jiwe la kule ni matumbawe, yaani mabaki ya viumbe wa bahari waliojenga miili yao kwa chokaa. Maji yakilala humo, hutoka na chokaa hiyo na kuiacha ndani ya birika kama ukoko mweupe. Jiwe la Bukoba ni la ukoo mwingine kabisa. Ni mchanga ulioshindiliwa ukawa mwamba, uliolazwa kabla dunia haijapata mnyama mwenye mfupa wala konokono mwenye gamba, na wanajiolojia waliupa ukoo wote wa miamba hiyo jina la mji: katika vitabu vyao huitwa Bukoban, hata inapoonekana mbali huko upande wa Kigoma. Majabali yake ndiyo yale yanayosimama wima juu ya ziwa, na ndiyo yaliyo chini ya migomba ya Maruku. Mchanga wa aina hiyo hauna cha kuyapa maji. Mvua huingia juu, hutoka chini kwenye chemchemi, na njiani haijaokota karibu kitu chochote.

Mvua yenyewe ni nyingi mno. Ukanda wa ziwa kutoka Bukoba kushuka Muleba hupata milimita 2,000 hivi kwa mwaka, ilhali Dodoma haifikishi 600. Nyingi ya mvua hiyo ni maji ya ziwa yaliyopanda mvuke na kusukumwa na upepo wa mashariki mpaka kwenye majabali ya magharibi, yakaanguka humo humo ufukweni. Na ziwa nalo ni mvua. Pamoja na sifa zote za Mto Kagera, karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Viktoria huanguka moja kwa moja kutoka angani juu ya uso wake wa kilomita za mraba 68,800, na sehemu kubwa hurudi angani kwa mvuke badala ya kuondoka kwa Mto Naili. Kwa hiyo anayekinga bomba mjini na anayekinga bati Maruku wanakunywa maji ya asili moja, yaliyotofautishwa na safari fupi tu. Wote wawili wana maji laini, na wote wawili huyasifu.

Sifa hizo zina msingi. Chai iliyopikwa kwa maji laini hubaki na rangi yake ya kung'aa. Ya maji magumu hufanya ngozi nyembamba juu ya kikombe, na wakazi wa London, ambao mji wao unakunywa maji ya mwamba wa chokaa, wameizoea ngozi hiyo kiasi kwamba wengi hudhani ni mafuta. Mwaka 1993 wakemia wawili wa Imperial College, Michael Spiro na Deogratius Jaganyi, ambaye baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, waliandika katika jarida la Nature wakieleza chanzo chake: ni chokaa ya majini ikishirikiana na hewa na viungo vya majani yenyewe. Ukiondoa chokaa, ngozi haipo. Maruku ina mashamba ya chai, na mchai ni mmea unaopenda udongo wenye tindikali na kuichukia chokaa. Hivyo jani linaloota huko na maji ya kulipikia vimetokana na ukosefu ule ule.

Maharage pia. Kalsiamu hukaza ganda la haragwe, ndiyo maana katika sehemu zenye maji magumu sufuria hukaa motoni mpaka kuni zinakwisha, na ndiyo maana wapishi wa sehemu kame hutupia magadi kwenye makande: magadi huiondoa kalsiamu majini na kulainisha ganda. Chakula cha msingi cha Wahaya, ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, huiva kwa maji ya chemchemi bila hila hiyo. Kuni zinazookolewa hapo hakuna anayezihesabu, lakini mtu anayezibeba kichwani anazijua.

Ingetosha kuishia kwenye sifa. Watu wengi huishia hapo, na matangazo ya maji ya chupa huishia hapo hapo: laini, matamu, safi. Lakini maji yasiyo na kitu ndani yake yana historia, na historia hiyo imeandikwa kwenye udongo kabla ya kuandikwa kwenye bomba.

Mwaka 1938 jarida la kilimo la Afrika Mashariki lilichapisha makala ya Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amesimamia ramani ya udongo ya Afrika Mashariki nzima. Bukoba ilimpa fumbo. Huku kuna kibanja: migomba minene, mibuni chini yake, maharage chini ya mibuni, kivuli na unyevu mwaka mzima. Hatua chache mbele kuna rweya: nyasi nyembamba za rangi ya majani makavu, ambazo hata ng'ombe huzila kwa kukosa jingine. Mgeni yeyote angesema hizi ni nchi mbili, moja yenye rutuba na moja iliyolaaniwa. Milne alichimba na kupima, akakuta kwamba udongo wa asili ni mmoja. Ule wa rweya ulikuwa umeoshwa na mvua mpaka ukapoteza kila kilichoweza kuyeyuka, kalsiamu ikiwa miongoni mwa vya mwanzo kuondoka, ukabaki na chuma na alumini. Ule wa kibanja ulikuwa umejengwa na watu.

Namna walivyoujenga ni hesabu ya kubeba. Ng'ombe walitolewa asubuhi kwenda rweya, wakaokota siku nzima kile kidogo kilichomo kwenye nyasi, jioni wakarudi kulala nyumbani na kukiacha huko kama samadi, na samadi ikapelekwa mashinani mwa migomba. Nyasi zilikatwa zikatandikwa sakafuni, na zilipochakaa zikaenda kibanjani kuwa matandazo. Majivu ya jikoni, maganda ya ndizi, mabaki ya kukamulia rubisi, ile pombe ya ndizi, vyote vilikwenda njia hiyo hiyo. Eneo kubwa la rweya lilikuwa likilisha kibanja kimoja kidogo. Kalsiamu ile ambayo maji yaliiondoa kwenye mlima mzima ilikuwa ikirudishwa punje kwa punje mpaka kwenye mashina ya familia moja, na kazi hiyo ilirithiwa pamoja na shamba.

Inafaa kutua hapa, kwa sababu msafiri akipita kwa gari huiona migomba ile na kuiita neema ya asili. Asili ilikwisha kutoa hukumu yake, na hukumu yake ni rweya. Sotoka ilipoingia mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kuua ng'ombe wa Afrika Mashariki, Uhaya ukiwamo, kilichokufa hakikuwa mahari na maziwa tu. Ulikatika pia mnyororo wa kubeba rutuba kutoka mlimani kwenda shambani. Watafiti wa Kituo cha Kilimo cha Maruku, ambacho sasa kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), wamekuwa wakihangaika kwa miaka na swali lililotokana na hilo: kaya isiyo na ng'ombe itailisha nini migomba yake, ikiwa mvua haijapunguza kiasi inachochukua?

Kilichobaki udongoni baada ya maji kuchukua mengine ni chuma, na chuma nacho kina yake ya kusema. Katuruka, ndani ya kata hii hii ya Maruku, ni mahali panapojulikana na wanaakiolojia wa dunia nzima kwa mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba huko mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiongozwa na wazee waliokumbuka masimulizi ya mtawala Rugomora Mahe, na mwaka 1978 yeye na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kuhusu ufundi wa Wahaya na matanuri ya eneo hilo ya takriban miaka 2,000 iliyopita. Malighafi ilikuwa ni ile ambayo mvua ilishindwa kuiyeyusha. Isipokuwa kwamba haishindwi kila mahali: kwenye bonde lenye kinamasi, ambako hewa haifiki, chuma huyeyuka na kusafiri na maji yakiwa meupe kabisa, kisha maji yanapokutana na hewa hugeuka mekundu na kuacha tope la rangi ya kutu. Maji kama hayo yanaweza kuwa laini na kutoa povu zuri. Shati jeupe la shule likifuliwa humo muhula mzima, litamaliza muhula likiwa la kaki.

Hapo ndipo neno laini linapoanza kuhitaji maswali.

Maji yaliyotoka kwenye mwamba usio na chokaa huwa na tindikali kidogo, kwa sababu mvua huokota hewa ya kaboni angani na zaidi kwenye udongo wenye mizizi, na njiani haikuti kitu cha kuituliza. Maji ya namna hiyo hayakai na njaa. Yakinyimwa madini mlimani, huyatafuta kwenye bomba. Mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki huliwa kutoka ndani, na vyuma vya pampu za mkono hutoboka kabla ya umri wake, hasa kipimo cha pH kinaposhuka chini ya 6.5. Waliofanya kazi katika mradi wa maji wa HESAWA, ambao Sweden iliufadhili katika mikoa ya Kagera, Mara na Mwanza kuanzia 1985 hadi 2002, walijua kwamba kujenga chanzo ni nusu ya kazi. Mtumiaji aonapo maji mekundu ya asubuhi hulaumu chanzo, ilhali mara nyingi chanzo ni kizuri na kutu ni ya bomba lenyewe. Mabomba ya plastiki yamepunguza tatizo hilo sana, lakini viungio, vali na mabomba ya mwisho uani mara nyingi bado ni vya chuma.

Glasgow, huko Scotland, ilijifunza somo hilo kwa gharama kubwa zaidi. Mwaka 1859 Malkia Victoria alifungua mfereji wa kuleta maji kutoka ziwa la Loch Katrine, maji laini yaliyosifiwa kila jikoni kwa kuokoa sabuni na majani ya chai. Nyumba za mji huo zilikuwa na mabomba na matangi ya risasi. Maji magumu hupaka ukuta wa bomba kwa chokaa na kuifunika risasi. Maji ya Loch Katrine yaliilamba. Vizazi vya watoto vilikunywa sumu isiyo na ladha, na ni katika robo ya mwisho ya karne ya 20 ndipo walipoanza kutia chokaa na baadaye fosfeti ili kuyatuliza. Bukoba haikurithi mabomba ya risasi ya aina hiyo, na ni bahati yake. Hata hivyo kisa hicho kinafaa kukumbukwa kila mtu anapodhani kwamba ladha nzuri ni cheti.

Kwenye mtambo wa kutibu maji mambo hugeuka kuwa ya kuchekesha kidogo. Ili kuondoa tope na mwani, maji hutiwa shabu, ambayo hushikanisha uchafu ukazama. Lakini shabu hufanya kazi kwa kutumia ule uwezo wa maji wa kuhimili tindikali, na maji laini yana akiba ndogo ya uwezo huo. Ikitiwa nyingi, pH huanguka, shabu hukataa kushika, na maji yanayotoka huwa makali kwa mabomba kuliko yalivyoingia. Dawa yake ni chokaa. Clark wa Aberdeen aliwahi kupata hataza, mwaka 1841, kwa njia ya kuondoa chokaa majini kwa kuongeza chokaa; fundi wa maji laini huongeza chokaa kwa sababu haimo. Mfuaji wa Maruku akiambiwa kwamba mtaalamu mzuri ni yule atakayemharibia povu lake kidogo, anayo haki ya kutaka maelezo.

Na shabu inahitajika zaidi kuliko zamani. Mji wa Bukoba huvuta maji yake ziwani kupitia mtambo wa Bunena, na ziwa hilo si lile lililopimwa na mtafiti Jack Talling mwaka 1960 na 1961. Miaka thelathini baadaye watafiti Rose Mugidde, akifanya kazi Jinja, Uganda, na Robert Hecky walionyesha kwamba uzalishaji wa mwani umeongezeka takriban maradufu, kutokana na virutubisho vinavyosombwa kutoka mashambani na mijini na vile vinavyoanguka na moshi na vumbi. Magugu maji yaliyoteremka na Mto Kagera katika miaka ya 1990 yalikuwa dalili iliyoonekana kwa macho. Mwani mara nyingi haugunduliwi mpaka maji yanuke. Ugumu wa ziwa haukuwa na habari na mabadiliko hayo. Kwa kipimo cha sabuni, ziwa la 1960 na la leo ni moja.

Kosa la kuuchukua ulaini kuwa usafi linaonekana vizuri zaidi upande wa pili wa nchi. Kwenye miteremko ya Mlima Meru, Arusha, kuna maji laini yaliyoharibu meno ya vizazi. Miamba ya volkano huko hutoa sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, na kalsiamu ndiyo ambayo ingeikamata floraidi na kuizamisha. Ikikosekana, floraidi hubaki majini, huingia kwenye meno ya mtoto na kuyapaka rangi ya kahawia, na ikizidi hupinda mifupa. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, kwa kuona kwamba vyanzo vingi vingefungwa, iliruhusu mpaka 8 katika viwango vya muda vya 1974, ikaja kushusha mpaka 4 kabla ya kukaribia kipimo cha dunia. Kituo cha Ngurdoto kimekuwa kikichoma mifupa ya ng'ombe na kuitumia kuchuja floraidi hiyo. Mtu wa Maruku akihamia huko, sabuni itamwambia amefika nyumbani.

Kwa Maruku yenyewe, hatari haitokani na mwamba. Inatokana na watu kuishi juu ya chanzo chao. Vijiji viko juu ya uwanda na kwenye mabega yake, chemchemi ziko chini mabondeni, na kati yao kuna vibanja, vyoo vya shimo na zizi. Samadi ile iliyokomboa udongo huteremka na mvua pamoja na kila kilichomo. Mwamba wa mchanga una mipasuko, na maji yanayopita kwenye mpasuko hayachujwi kama yanayopita polepole kwenye udongo mnene. Chemchemi iliyojengewa ukuta na bomba la kutokea, ikazungushiwa uzio juu yake, ni salama zaidi kuliko dimbwi la wazi. Lakini maji yanaweza kutoka humo yakiwa meupe, baridi na matamu, yakiwa na bakteria wa kinyesi ndani yake, na dumu lenyewe la lita 20 likayaongezea wengine njiani. Kuchemsha kunawaua. Kunatumia zile kuni zilizookolewa na maharage.

Machi 2023 jina la Maruku lilisikika katika taarifa za dunia kwa sababu isiyotamaniwa: ugonjwa wa Marburg, wa kwanza kuthibitishwa Tanzania, ulitangazwa katika kata za Maruku na Kanyangereko. Watu 9 walihesabiwa kuugua na 6 wakafariki kabla ya mlipuko kutangazwa umekwisha tarehe 2 Juni. Marburg hauenezwi na maji. Lakini kwa majuma yale ndoo zenye koki ziliwekwa kila mlangoni, na maagizo yote yalirudi kwenye jambo moja, maji tiririka na sabuni. Kirusi hicho kimevikwa ngozi ya mafuta ambayo sabuni huipasua, na katika maji laini kila chembe ya sabuni huenda kazini badala ya kupotelea kwenye chokaa. Kati ya faida zote za maji ya Maruku, hiyo ni moja ambayo hakuna aliyeitangaza.

Wapo wanaouliza kama maji matupu hivyo yanadhuru mwili. Swali si la kipuuzi. Mwaka 1957 mkemia wa Kijapani Jun Kobayashi aliona kwamba vifo vya kiharusi nchini mwake vilikuwa vingi zaidi ambako maji ya mito yalikuwa na tindikali, na mwaka 1960 Henry Schroeder aliyekuwa mtafiti huko, akapata mwelekeo wa namna hiyo nchini Marekani: maji magumu, vifo vichache vya moyo. Tafiti nyingi zimefuata, zikivutana, na Shirika la Afya Duniani mpaka sasa halijaweka kiwango cha kiafya cha ugumu wa maji. Sehemu kubwa ya kalsiamu ya mtu hutoka kwenye chakula, na anayekula maharage, dagaa na mboga za majani hategemei bomba. Mwenye kula ndizi tupu ana tatizo, ila tatizo hilo halitokani na maji.

Jambo lililo karibu zaidi ni matangi. Zamani taasisi na kaya zenye uwezo zilikinga mvua kwenye matangi ya saruji, na saruji mpya huachia chokaa. Maji yaliyokaa humo miezi ya kwanza huwa na ladha yake na pH yake hupanda. Tangi hilo lilikuwa, bila mtu yeyote kukusudia, mtambo mdogo wa kutuliza maji, na lilijilipia kwa kuta zake, ambazo huchakaa na kuacha kokoto wazi. Sasa simtanki ya plastiki imechukua nafasi yake kila uani. Haipasuki, haivuji, haiachii kitu. Mvua huingia ikiwa tupu na kutoka ikiwa tupu, ikaingia kwenye koki ya chuma.

Kwenye miradi ya mserereko, ambako maji ya chemchemi hushuka kwa bomba mpaka kwenye vituo vya kuchotea, huduma sasa iko mikononi mwa vyombo vya jamii vinavyosimamiwa na RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa kwa sheria ya 2019. Makusanyo ya shilingi za kila ndoo hununua viungio, hulipa fundi na mlinzi, na mwezi mzuri hununua klorini. Mfuko wa chokaa haumo kwenye orodha. Kuuingiza kutahitaji mtu wa kusimama kwenye mkutano wa kijiji na kuwaeleza watu wanaojivunia maji yao kwamba yana upungufu, tena upungufu ule ule ambao babu zao waliuziba kwa mgongo wa ng'ombe.